Uzi: AC-130 na wenzake, ndege zinazopiga kwa ubavu: zinavyofanya kazi na zinavyotunguliwa

Kipanga Mweusi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila video ya AC-130, ndege ya mizigo ya Marekani iliyofungwa mizinga, ikiwekwa humu, zile za rangi ya kijivu zilizopigwa kwa kamera ya joto, ubishi unaishia kwenye ukubwa wa mzinga. Mzinga wa milimita 105 hata askari wa nchi kavu wanao, tena tangu enzi. Cha kujiuliza ni hiki: ndege ya mizigo yenye injini nne za pangaboi, urefu karibu mita 30, haina kasi wala haikati kona kama ndege ya kivita, inakaaje juu ya adui saa nzima na kupiga nyumba moja katikati ya mtaa?

Jibu ni duara. Rubani anaiinamisha ndege kushoto na kumzunguka mlengwa. Mizinga yote imefungwa ubavu wa kushoto, upande anaokaa rubani mkuu. Ndege ikishainama, ubavu ule unatazama katikati ya duara muda wote, na mtutu unabaki kwenye nukta ileile ardhini kama kamba ya mbuzi aliyefungwa kigingini.

Hesabu zake si ngumu. Chukua mwendo wa kilomita 333 kwa saa, yaani mita 92.5 kwa sekunde. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, gawa kwa 9.81 ya mvutano wa dunia, unapata kama mita 870. Hicho ndicho kimo ambacho bawa la kushoto litaelekea nukta moja ardhini bila kuhama, uiname nyuzi 20 au 40, ni kilekile. Ukiinama nyuzi 30, kutoka ndege hadi katikati ya duara, ukipima ardhini, ni mita 1,510, na mzunguko mmoja unakula sekunde 103. Lakini mita 870 ni chini mno, hata bunduki za rashasha zinakufikia. Kwa hiyo mitutu inaelekezwa chini zaidi ya bawa. Ongeza nyuzi 25, kimo kinapanda hadi mita 2,160, na risasi itasafiri mita 2,630 hadi kwa mlengwa. Namba hizo mbili za mwisho mzishike, zitahitajika tukifika kwenye makombora ya begani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1920 Wamarekani walishafunga bunduki ubavuni mwa ndege ya DH-4 kwa majaribio. Gilmour MacDonald akalipendekeza tena mwaka 1942, likawekwa kabatini. Ralph Flexman wa kampuni ya Bell akalifufua mwaka 1963, na Kapteni Ronald Terry ndiye aliyelipigania hadi likafika Bien Hoa, Vietnam, Desemba 1964, ndani ya C-47, ndege ya usafiri ya enzi za Vita Kuu ya Pili. Ikaitwa AC-47. Zikatengenezwa 53.

Naachia hapo kwanza, wenye maswali waje.

---

Mdadisi_255

Mkuu, kwa nini wasifunge mizinga puani kama ndege nyingine? A-10 ina mzinga wa milimita 30 puani na inasifiwa kila mahali.

---

Kipanga Mweusi

Ndege ya mzinga wa puani lazima ipige mbizi kuelekea mlengwa. Inapiga sekunde moja au mbili, inanyanyuka, inapita, inakwenda kugeuza mbali, ndipo inarudi. Katikati ya mbizi mbili rubani hamwoni mlengwa, na adui anapata nafasi ya kuhama au kujificha. Usiku hali inakuwa mbaya zaidi, maana unapiga mbizi kuelekea ardhi usiyoiona. Ndege ya duara macho yake hayamtoki mlengwa, na anayeongea na askari wa chini kwa redio ndiye huyohuyo anayetazama. "Piga mita 20 mashariki ya ile ya mwisho" inaeleweka mara moja.

A-10 inamshinda AC-130 mchana na dhidi ya vifaru. Kulinda kambi ndogo iliyozingirwa saa 8 usiku ni kazi nyingine kabisa.

---

Fundi Mitutu

Nichangie upande wa silaha, maana hapo kuna uongo mwingi mitandaoni.

AC-47 ilikuwa na bunduki tatu za mitutu sita za 7.62, ile ile risasi ya bunduki ya kawaida. Kila moja ilikuwa na mwendo wa aina mbili, risasi 3,000 au 6,000 kwa dakika. Watu hujumlisha wakapata 18,000 kwa dakika na kushangilia. Sasa piga hesabu ya upande wa pili: ndege ilibeba kama risasi 21,000. Ukifungulia zote tatu kwa mwendo wa juu, sekunde 70 stoo tupu, na usiku ndiyo kwanza umeanza. Ndiyo maana walipiga kwa vipindi vya sekunde chache, mara nyingi bunduki moja au mbili, ya tatu inajazwa au imekwama na inashughulikiwa. Tatu zilikuwepo ili kila mara kuwe na inayofanya kazi.

Silaha yake ya pili ilikuwa mwanga. Mianga ya miavuli ya Mk 24, kilo 12 na ushei kila mmoja, inatupwa kwa mkono mlangoni, inawaka kama dakika tatu ikishuka taratibu. Mtupaji anachomoa pini, anausukuma nje, na baada ya sekunde chache unawaka. Ukishachomoa pini hakuna kurudi nyuma. Tarehe 24 Februari 1969, karibu na Long Binh, AC-47 moja ilipigwa bawani na bomu la mota la milimita 82, mwanga uliokwisha kuchomolewa pini ukaanguka ndani na kubingirika kati ya makasha ya risasi. John Levitow, akiwa na vidonda vya vyuma zaidi ya 40 mwilini, aliulalia, akajiburuta nao hadi mlangoni na kuusukuma nje. Uliwaka ukiwa ndio kwanza unatoka. Alipewa Nishani ya Heshima, ya juu kabisa Marekani.

Baada ya hapo fuateni mlolongo huu. AC-130A ya kwanza ilifika Nha Trang kwa majaribio Septemba 1967 ikiwa na bunduki nne za 7.62 na mizinga minne ya milimita 20. Mwisho wa 1969 ikaongezwa mizinga miwili ya Bofors ya milimita 40. Mwaka 1972 ukaja mzinga wa 105. Kila hatua ilisukumwa na kitu kimoja: adui kule chini naye alikuwa anaongeza kipenyo. Njia ya Ho Chi Minh, ambayo Vietnam Kaskazini ilipitishia askari na malori ya mizigo ndani ya Laos, ilijaa mizinga ya kutungulia ndege ya milimita 37, kisha 57. Ukipanda juu kuikwepa, risasi yako ndogo inafika imechoka. Kwa hiyo unahitaji mzinga mkubwa ili upige kutoka juu zaidi. Bomu la 105 lina uzito wa kilo 15 na halijali sana kama limetoka mita 2,000 au 3,500.

---

Sajini Kobe

Nasikia 105 ikipigwa ndege inasukumwa mita kadhaa pembeni, na ndiyo maana inainama. Kweli au porojo?

---

Fundi Mitutu

Porojo. Bomu la kilo 15 linatoka kwa mita 494 kwa sekunde hivi. Ndege ina uzito wa tani 60 na zaidi. Gawanya: ndege inapata msukumo wa kama sentimita 12 kwa sekunde, na gesi ya baruti inaongeza kidogo juu ya hapo. Rubani anaisikia miguuni, lakini ndege haihami njia. Tena kitako cha mzinga kinarudi nyuma kwa mfumo wa haidroliki, hivyo nguvu haiji kama nyundo. Kuinama ni kwa ajili ya duara kama alivyoeleza mleta uzi.

Mrudisho ni hatari kwa wapakiaji, si kwa ndege. Kitako kinarudi kwa nguvu ndani ya chumba, na yeyote aliyesimama nyuma yake anavunjika. Mpakiaji anaingiza bomu, anafunga, anatoka kwenye njia ya mzinga, anatoa ishara, ndipo swichi ya usalama inafunguliwa na rubani anaruhusiwa kufyatua. Yote haya sakafu imeinama nyuzi 30. Katika mwinamo huo kila kitu kinakuwa kizito kwa asilimia 15, kwa hiyo bomu na ganda lake, karibu kilo 19 kwa pamoja, mkononi ni kama kilo 22. Wakienda vizuri wanapiga mabomu 6 hadi 10 kwa dakika. AC-130U, toleo la baadaye, ilibeba kama 100.

Bofors nayo ililishwa kwa mkono, vibanio vya risasi nne nne. Kibanio kikiingia kimepinda kidogo, mzinga unakwama, na lazima mtu aingize mkono kuutoa. AC-130U ikaleta wa milimita 25 wenye mitutu mitano, risasi 1,800 kwa dakika, unaojilisha wenyewe. Kwenye AC-130J ya sasa 25 na 40 zote zimeondolewa, umewekwa mmoja wa milimita 30 unaopiga risasi 200 tu kwa dakika. Watu walilalamika ni pole. Ila kila risasi yake inalengwa, na Bofors ilikuwa imezeeka kiasi kwamba vipuri vyake vilikuwa kero.

---

Mdadisi_255

Na kulenga? Ndege inatembea, risasi inatoka kwa ubavu. Si inapeperuka?

---

Kipanga Mweusi

Swali zuri, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Risasi inapotoka mtutuni inabeba mwendo wa ndege, mita 92 kwa sekunde kuelekea mbele. Kwa zile mita 2,630, bomu la 105 linatumia zaidi ya sekunde 5 angani. Usiporekebisha, litaangukia mamia ya mita mbele ya mlengwa. Kwa hiyo mtutu unaelekezwa nyuma kidogo ya pale unapotaka kupiga, na kompyuta ndiyo inayopiga hesabu hiyo: mwendo, kimo, mwinamo, joto la hewa, upepo. Enzi za AC-47 hakukuwa na kompyuta. Rubani alitumia kioo cha kulengea kilichofungwa dirisha la kushoto, na akili yake.

Upepo ndio msumbufu mkuu. Ndege inayozunguka upepo unaisukuma pembeni kila mzunguko, na upepo wa juu si ule wa chini. Ndiyo maana wahudumu wa AC-130 wakielekea kazini hupiga risasi kadhaa za majaribio mahali salama, kama baharini, wakipima zimeangukia wapi na kuiambia kompyuta tofauti. Kila mzinga unapimwa peke yake. Wasipopata nafasi ya kufanya hivyo, risasi za kwanza huwa na kosa, na kama askari wenu wapo mita 100 kutoka kwa adui, kosa hilo ni roho za watu.

Halafu muda wa kusafiri. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa litakuwa limesogea zaidi ya mita 80 kabla bomu halijatua. Gari likikimbia, 105 haifai, unatumia mzinga mdogo wa risasi nyingi au, siku hizi, kombora la kuongozwa.

---

Nahodha wa Ngomeni

Wadau, hadithi ya hizi ndege ina ukurasa hapa kwetu Pwani na wengi wa rika la chini hawaujui. Tarehe 14 Machi 1994 AC-130H iliyokuwa ikifanya kazi kutoka Mombasa kwa ajili ya operesheni za Somalia ilianguka baharini karibu na Malindi. Walikuwemo 14, wakafa 8. Hakuna aliyeitungua. Bomu la 105 lililipukia ndani ya mtutu wake.

Fundi, hebu eleza inakuwaje bomu likalipuka kabla ya kutoka.

---

Fundi Mitutu

Nahodha umenikumbusha. Iliitwa Jockey 14 kwenye redio. Mlipuko ukaleta moto kwenye injini ya upande wa kushoto, wakageuza kuelekea pwani, ndege haikufika.

Kwa kawaida fyuzi ya bomu la mzinga ina vizuizi viwili. Cha kwanza kinaachia kwa mshtuko wa kufyatuliwa, cha pili kwa mzunguko wa bomu, na fyuzi inakuwa hai ikiwa tayari imetoka mtutuni. Bomu likilipuka ndani, ujue fyuzi ina hitilafu, au baruti iliyo ndani ya bomu ina ufa au uwazi hivyo inashtuka ikibanwa na kasi ya kuanzia, au kuna kitu ndani ya mtutu. Kwa mzinga wa nchi kavu ajali kama hiyo inaua walio jirani. Ndani ya ndege mtutu umetoka ubavuni, hatua chache kutoka kwenye bawa lenye mafuta na injini mbili. Vipande vya chuma havihitaji kwenda mbali.

Hilo ndilo linalowasumbua wahandisi wa ndege za aina hii. Unabeba matani ya baruti, mafuta na watu ndani ya chumba kimoja kisicho na kuta. Kwenye meli ya kivita stoo ya mabomu inatengwa kwa vyuma. Humu makasha yamefungwa ukutani kwa mikanda, hatua mbili kutoka kwa mpakiaji.

---

Kamanda Kifaru

Mimi nasema wazi: hizi ndege ni za kuonea wasio na ulinzi wa anga. Mpeleke AC-130 mbele ya jeshi lenye rada na makombora uone kama inamaliza mzunguko mmoja.

---

Kipanga Mweusi

Kamanda, hapo sikupingi hata kidogo, historia iko upande wako. Wakati wa vita vya Vietnam AC-130 sita zilipotea kwa kupigwa, nne kati yake mwaka 1972 pekee. Machi 1972 moja iliangushwa Laos na SA-2, kombora kubwa la rada lililosogezwa hadi kwenye ile njia. Juni mwaka huohuo nyingine ikaangushwa na kombora la begani.

Sasa rudini kwenye namba zangu. Strela-2M, kombora la begani la Kisovieti, inafika kimo cha mita 2,300 hivi na umbali wa kilomita 4.2. Duara letu la kwanza lilikuwa kimo cha mita 2,160 na umbali wa mita 2,630. Umo ndani ya mdomo wake. Na kombora linalofuata joto halihitaji rada, linahitaji mtu mmoja aliyejificha na muda wa kukuona. Duara linampa muda: akikukosa mzunguko huu, baada ya sekunde 103 utapita palepale, kimo kilekile.

Kinga ya kwanza ni giza. Kombora la begani la kizamani linahitaji mpigaji akuone kwa macho. Ndiyo maana ratiba za ndege hizi zinahesabiwa kwa mapambazuko. Mfano ni Khafji, Saudi Arabia. Tarehe 31 Januari 1991 AC-130H yenye jina la redio Spirit 03 ilikuwa ikiwasaidia wanamaji wa Marekani dhidi ya Wairaki. Muda wa kuondoka ulikuwa umefika, wakaombwa kushambulia kikosi cha roketi, wakabaki. Baada ya saa 12 asubuhi, mbingu imeanza kung'aa, ndege nyeusi dhidi ya anga jeupe, wakapigwa na kombora la begani. Wote 14 walikufa. Ndiyo hasara kubwa kuliko zote za Jeshi la Anga la Marekani kwa ndege moja katika Vita ya Ghuba.

Kinga nyingine zipo: fataki za joto za kulidanganya kombora, vifaa vya kupunguza joto la moshi wa injini, kubadili kimo na kituo cha duara kila baada ya mizunguko michache. Zinasaidia. Hazimgeuzi tembo kuwa swala.

---

Kamanda Kifaru

Sasa tunaelewana. Ongeza na hesabu za malori ya Laos. Marubani walikuwa wakiripoti maelfu ya malori yaliyoharibiwa kila msimu wa kiangazi, hadi idara za ujasusi za Marekani zenyewe zikawa zinazikata sehemu kubwa, maana kila asubuhi malori yalikuwa yakipita tena. Lori lililotobolewa na risasi za milimita 20 linaonekana limewaka kwenye kamera, kumbe ni turubai na pipa moja la mafuta. Injini nzima, fundi anabadilisha magurudumu linaondoka.

---

Kipanga Mweusi

Kweli, na ilichangia kuileta 40 na 105. Vifaa vya kuyatafuta lakini vilikuwa vya kutisha kwa wakati ule: kamera ya mwanga hafifu, kamera ya joto, na kifaa kilichoitwa Black Crow kilichonasa cheche za plagi za injini ya petroli kupitia msitu. Lori la dizeli halina plagi, halinaswi.

---

Dada wa Itifaki

Hakuna aliyegusa Kunduz, na kwangu ndilo somo kuu la jinsi ndege hizi zinavyokosea, maana pale hakuna mzinga uliokwama wala kombora lililopiga.

Usiku wa tarehe 3 Oktoba 2015, AC-130U ilipiga hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka mjini Kunduz, Afghanistan. Mashambulizi yalianza saa 8 na dakika 8 usiku na kuendelea kwa karibu nusu saa, mabomu na risasi za mizinga 211. Walikufa watu 42, wagonjwa na wahudumu. Mlengwa aliyekusudiwa lilikuwa jengo la usalama wa taifa, mamia ya mita kutoka pale.

Fuateni mnyororo. Ndege iliitwa haraka, ikaruka kabla wahudumu hawajapewa maelezo kamili. Orodha ya majengo yasiyoguswa, ambayo hospitali ilikuwemo kwa majira yake yote ya ramani, ilikuwa iwafikie angani kwa mtambo wa data. Mtambo ule ukafa. Walipofika wakaamini wamerushiwa kombora, wakasogea mbali na mji. Kutoka kule mbali walipoingiza majira ya jengo, kifaa cha kulenga kikawaonyesha uwanja mtupu. Uwanja si jengo, kwa hiyo wakatafuta kwa macho jengo kubwa la karibu linalofanana na maelezo ya redio. Likapatikana. Lilikuwa hospitali.

Na hapa ndipo panapouma. Waliporudi kwenye duara lao la awali, kifaa kilipoingiziwa majira yaleyale kililenga jengo sahihi. Lakini macho yalikwishachagua. Aliyekuwa chini akiomba mashambulizi hakuwa akiliona jengo lolote kati ya hayo mawili.

Kamera ya joto haioni rangi wala maandishi. Bendera iliyotandazwa juu ya paa na paa lenyewe vikiwa na joto moja, ni kitu kimoja. Inachoona ni watu tisa nje ya mlango, na haiwezi kusema kama ni walinzi au wauguzi.

Jeshi la Marekani liliwaadhibu watu 16, adhabu za kiutawala, hakuna aliyefunguliwa mashtaka ya jinai.

---

Mdadisi_255

Dah. Kwa hiyo sifa ya "wanaona kila kitu" ndiyo iliyowaponza.

---

Dada wa Itifaki

Wanaona vizuri sana. Kuona na kujua unachokiona ni mambo mawili, na ndege inayozunguka jengo moja nusu saa inazidi kuamini kile ilichoamini dakika ya kwanza. Kinga iliyokuwepo ni utaratibu tu: majira, maelezo ya redio na picha ya kamera vikubaliane vyote vitatu. Viwili vikigongana, hupigi, unaanza upya. Kunduz viligongana.

---

Nyuki wa Rutshuru

Wakubwa, huku kwetu Kivu tukisema ndege ya kivita watu wanafikiria helikopta, si hizo nne-injini. Mi-24 tumeziona sana, za serikali na za MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Tarehe 4 Novemba 2013 pia Rooivalk za Afrika Kusini zilipiga ngome za waasi wa M23 milimani Chanzu, ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza vitani, zikiwa pamoja na brigedi ile ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kwa nini Afrika ni helikopta tu?

---

Fundi Mitutu

Karibu sana Nyuki. Sababu ya kwanza ni fedha na watu. AC-130U ilihitaji wahudumu 13. Mi-24 inahitaji marubani wawili na fundi mmoja. Pili, Mi-24 inatua uwanja wa vumbi, inabeba askari 8, na vipuri vyake vinapatikana kwa nchi nyingi.

Lakini ijueni ilivyo. Mi-24V ina bunduki ya mitutu minne ya 12.7 puani, risasi 1,470, na roketi mabawani: S-5 za milimita 57, mikebe ya 32, au S-8 za milimita 80, mikebe ya 20. Roketi hizo haziongozwi, zinatawanyika, hivyo ni silaha za kupiga eneo. Rubani anapiga mbizi kama ndege ya mzinga wa puani, anaachia, anageuka. Ile kazi ya kukaa juu na kuchagua dirisha moja, haiwezi.

Tena haipendi kuning'inia hewani. Mabawa yale mafupi yanabeba kama robo ya uzito wake ikiwa kasi, ila ikisimama angani yanazuia upepo wa panga na kuwa mzigo. Ongeza joto na mwinuko, kama Goma iliyo karibu mita 1,500, nguvu inapungua kiasi kwamba wanaruka kwa kukimbia kwenye njia kama ndege ya kawaida, na wanapunguza mafuta au roketi. Afghanistan Warusi walifanya hivyo miaka tisa.

---

Nahodha wa Ngomeni

Na Mlima Kenya usisahaulike. Agosti 12, 2012 Mi-24 tatu za Uganda zikielekea Somalia kwa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, ziliangukia mlimani katika hali mbaya ya hewa, wakafa watu 7. Mi-17 iliyofuatana nazo ilitua salama. Kilele ni mita 5,199, na Mi-24 kimo chake cha juu ni kama mita 4,500. Mlima ule unauzunguka, huuruki.

Kwa Somalia yenyewe, AC-130 zilipiga Mogadishu Juni 1993, zikaondolewa Julai. Vita ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba mwaka ule zilikuwa hazipo, na wabunge wa Marekani waliulizia sana jambo hilo baadaye. Januari 2007 zikarudi, zikapiga kusini mwa Somalia karibu na mpaka wetu, zikimtafuta Fazul Abdullah Mohammed na wenzake wa mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya 1998. Hakuuawa pale. Aliuawa Mogadishu mwaka 2011 kwenye kizuizi cha barabarani, kwa bunduki za askari wa kawaida.

---

Sajini Kobe

Swali langu la mwisho: droni zipo, AC-130 zina maisha gani tena?

---

Kipanga Mweusi

Droni inakaa angani muda mrefu zaidi na ikidondoka hakuna mjane. Lakini MQ-9, droni ya kivita ya Marekani, inabeba makombora machache, ikishayaachia inarudi nyumbani. AC-130 ina makumi ya mabomu ya 105, na bei ya bomu moja haifanani na ya kombora la kuongozwa. Askari waliozingirwa usiku kucha wanahitaji wingi. Novemba 16, 2015, karibu na Al-Bukamal, Syria, AC-130 mbili na A-10 nne ziliteketeza malori 116 ya mafuta ya ISIS, baada ya kuwadondoshea madereva karatasi za onyo dakika 45 kabla. Kwa makombora pekee hilo haliwezekani siku moja.

AC-130J tayari imeanza kuhama kutoka kwenye duara. Ina makombora ya kuongozwa ya Griffin ya kilo 15 na Hellfire, na bomu dogo la GBU-39 linaloteleza makumi ya kilomita, linaloachiliwa ndege ikiwa inakwenda moja kwa moja, mbali na Strela yoyote. Mpango wa kuifunga leza ulisitishwa 2024. Kuhusu 105, matoleo ya kwanza ya J yalipangwa bila mzinga huo, ukarudishwa kuanzia ndege ya tatu kwa sababu askari wa chini waliudai, na miaka ya karibuni wakubwa wameanza tena kujadili kuuondoa. Ukiuondoa unapata nafasi, uzito unapungua, wapakiaji wanapungua, lakini kila mlengwa anagharimu kombora.